Siku alipojitoa kwenye grupu: kisa cha muuza viatu wa Kariakoo aliyefilisika akaanza upya

Watu wa mtaani kwetu wakikusimulia habari za huyu jamaa watakwambia biashara yake ilikufa Machi 2022, mwezi aliorudisha funguo za fremu. Mi naona ilikufa Aprili, Jumapili moja jioni, pale simu yangu ilipoandika kwamba fulani amejitoa kwenye grupu. Grupu lenyewe lilikuwa la kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana hela, watu 24, na mi ndo nilikuwa mtunza hazina, kwahiyo namba ninazoziandika hapa zimetoka kwenye daftari nililoshika mwenyewe. Ameniruhusu niandike, sharti lake moja tu, nisimtaje jina. Nitamwita Mzee wa Viatu ingawa umri wake ni arobaini na kidogo.

Kwa asiyeijua Kariakoo ngoja nieleze. Jamaa alianza kama winga, yaani kijana asiye na duka wala mzigo, anasimama njiani Mtaa wa Kongo anadaka mteja, anamuuliza anatafuta nini, anampeleka duka la mtu na hapo anapachika cha juu chake. Mtaji wa winga ni mdomo na kujulikana. Miaka mitano ya hivyo ikamfundisha nani anauza nini na nani ana neno lake, na wenye maduka wakaanza kumpa mali kauli: unabeba mzigo bila kutoa shilingi, hakuna karatasi, mnakubaliana tu kwamba Ijumaa unaleta hela na Ijumaa unaleta. Kutoka hapo akapata fremu ghorofani (za chini kilemba chake, ile hela ya kuachiwa nafasi, acha tu), na kufikia 2017 akawa anapanda ndege mwenyewe kwenda Guangzhou, China, mara mbili kwa mwaka. Angalia vizuri hapo, hakuna ngazi hata moja aliyoipanda kwa hela ya benki, kila ngazi kuna mtu kamuamini.

Ikaja 2020. Machi 28 China ikafunga mpaka kwa wageni, na masharti ya karantini yalikuja kuondolewa Januari 2023, yaani karibu miaka mitatu watu waliozoea kwenda kushika bidhaa kwa mkono wakabaki wanatuma hela kwa mawakala wa kule na kupokea picha kwenye WeChat. Picha ya kiatu haionyeshi gundi. Mwaka 2021 nauli za makontena nazo zilikuwa zimepanda dunia nzima, basi Mzee wa Viatu akapiga hesabu kwamba kama usafiri ndo umekuwa ghali hivi bora alete mzigo mkubwa mara moja. Katoni 60, jozi 1,440, raba za watoto na viatu vya kike vya wazi. Akachanganya hela yote aliyokuwa nayo, ya kikoba humo humo, na hela ambayo ilitakiwa iende kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla aliyekuwa anamdai 3,100,000 ya mali kauli ya mzigo wa nyuma. Huyo akaambiwa avumilie kidogo.

Mzigo ulifika Novemba. Wiki ya tatu mteja wa Tunduma akamtumia video, sekunde kama kumi na nne hivi, nimeiona, mkono wa mtu umeshika raba ya mtoto unavuta soli kwa vidole viwili na soli inatoka taratibu kama ganda la ndizi mpaka kisigino, halafu mkono unachukua ya pili. Hakuna neno hata moja lililosemwa kwenye ile video. Baada ya hapo Songea wakarudisha, Mbeya wakarudisha, na wengine hawakurudisha viatu wala hela.

Aliokoa anachoweza. Alipeleka jozi kama mia tatu kwa fundi viatu mmoja wa Buguruni, mzee wa pembeni ya barabara mwenye mwavuli na kibao cha kukalia, azishone soli kwa uzi, jozi shilingi 500. Huyu fundi mkumbuke tutamrudia.

Sasa kikoba. Alikuwa na hisa za milioni mbili, na kanuni yetu kama ya vikoba vingi ni unakopa mpaka mara tatu ya hisa zako na unaleta wadhamini wawili kutoka humo humo ndani. Alichukua milioni sita, riba asilimia 10, miezi sita, rejesho 1,100,000 kwa mwezi. Alilipa mawili akakata. Zikabaki 4,400,000, tukamkata hisa zake zote zikabaki 2,400,000, na hizo zikaangukia kwa wadhamini, kila mmoja 1,200,000. Mmoja ni mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yeye alisema andikeni tu, akaendelea kunywa soda yake. Wa pili ni mama mwenye saluni, na ile hela ilikuwa ya ada ya mwanae anayeingia fomu faivu. Alilia pale pale kwenye kikao.

Hapa ndo pagumu kuliko pote kwenye kisa hiki. Tunapenda kusema mtu akifilisika watu wanamkimbia, kana kwamba ni roho mbaya tu. Sio kweli, au sio yote. Benki ikikudai inachukua nyumba, sisi hatukuwa na nyumba ya mtu yeyote, tulikuwa na watu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imetuweka sisi wa vikoba daraja la nne na siku hizi tunasajiliwa kabisa, lakini dhamana yetu imebaki ile ile, mama wa saluni. Kwahiyo mtu akianguka, wale wale waliomshika mkono wakati anapanda ndo wanaokatwa, na mtu uliyemkatisha hela hawezi kukufariji, hata awe na moyo wa aina gani atakuangalia anaona 1,200,000.

Na mimi sikusaidia. Ile Jumapili nilipiga picha ukurasa wa daftari wenye majina ya wadaiwa nikauweka kwenye grupu, utaratibu ulikuwa unaniruhusu, wengine walikuwa wananisukuma tangu asubuhi. Jina lake lilikuwa la kwanza na nilikuwa nimepiga mstari mwekundu chini yake. Dakika nane baadae akajitoa. Mpaka leo nikifungua lile daftari ule mstari naurukia.

Kujitoa kwenye grupu ilikuwa kosa lake kubwa kuliko lile la katoni 60, na hili nimemwambia usoni. Akiwa ndani hata kama kanyamaza watu wanajua yupo, anasoma, anaona aibu, ni mdaiwa. Akitoka anakuwa mkimbizi. Usiku ule ule mmoja akaandika keshahamia Afrika Kusini, mwingine akasema amenunua kiwanja Kibaha kwa hela zetu, na ukweli ni kwamba wakati huo jamaa yuko chumbani kwake Tabata amezima simu. Kati ya watu 24 wa kikoba, tisa wana shughuli Kariakoo. Jumatatu saa nne asubuhi yule wa jumla aliyeambiwa avumilie kidogo keshapata habari, na kufikia mchana hakuna duka la viatu lililokuwa tayari kumpa hata katoni moja ya mali kauli. Hakuna tangazo lililobandikwa. Njia iliyomjengea jina ndo ile ile iliyolibomoa, ila kubomoa ilichukua nusu siku.

Na mambo ya programu za mikopo kwenye simu. Akiwa amebanwa alishakopa kwenye tatu, laki na nusu laki na nusu. Unapoipakua inaomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi, wewe una shida unabonyeza kubali, basi. Alipochelewa, meseji zikaanza kwenda kwa watu: fulani ni mdaiwa sugu, amekuweka wewe mdhamini, mwambie alipe. Mimi nilipata, mwalimu wa mwanae alipata, fundi wa friji aliyemrekebishia friji mara moja 2018 naye alipata. Baadae Benki Kuu ilikuja kutoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, Novemba 2024, na sheria ya kulinda taarifa binafsi ilipitishwa 2022 ikaanza kazi Mei 2023, lakini kwake yeye shughuli ilikuwa imeshaisha. Fikiria mtu kila aliyewahi kumhifadhi kwenye simu kaambiwa siku moja kwamba ni tapeli. Alivyokuja kutaka kuanza tena alikuwa na majina zaidi ya mia sita kwenye simu na hana wa kumpigia. Kurasa yake ya Instagramu aliifuta mwenyewe, maoni yalikuwa hayasomeki.

Ndugu je? Ndugu walimlisha, hilo niseme wazi, hakuna siku watoto walilala njaa. Kaka yake alilipa kodi ya chumba miezi minne. Ila ndugu ndo waliokuwa hawataki kabisa kusikia neno biashara, kila akigusia kuanza tena mtu anaguna, mama mkwe anauliza hivi udereva hauwezi? Na sioni ubaya wao. Ndugu wanakupenda kwahiyo wanataka usianguke mara ya pili, na namna rahisi ya kutoanguka ni kukaa chini. Akakaa chini. Akachukua bajaji ya mtu, anapeleka hesabu 20,000 kila siku, kinachobaki chake. Mwaka na nusu huo.

Hawa motivesheni spika wanaosema zungukwa na watu waliofanikiwa huwa wananichekesha nikikumbuka kilichofuata. Oktoba 2023 bajaji ilipata pancha Buguruni. Wakati wanaziba kasogea kivulini, kumbe ni mwavuli wa yule fundi. Fundi hakuwa kwenye grupu lolote letu, hajui habari ya kikoba, hajui habari ya mali kauli, meseji ya zile programu hakuipata maana jamaa alikuwa hajawahi kuhifadhi namba yake. Kwa fundi, jamaa alikuwa bado bosi aliyeleta jozi mia tatu na akalipa zote. Akamsalimia, "Bosi, umepotea! Vile viatu vyako tulivyoshona watu wanavirudia."

Wanavirudiaje? Fundi akamuonyesha. Kiatu cha shule, cheusi, kimechanika kwa pembeni karibu na kidole gumba, pale mtoto anapokunja mguu. Akasema kila Januari na kila Julai akina mama wanamletea viatu vipya kabisa, wiki tatu tangu vinunuliwe, vimefungua mdomo pale pale, na kila anayemletea anamwambia laiti ungeuziwa kimeshonwa kabisa. Akachukua msumari akachora mstari kwenye soli kuonyesha uzi unatakiwa upite wapi na usipite wapi maana ukipita nje sana unasagika kwa lami. Jamaa anasema alikaa pale mpaka pancha ikaziba, yule kijana wa pancha akamwita mara tatu.

Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, mwaka 1973 alichapisha utafiti wa watu waliopata kazi kupitia watu wanaofahamiana nao, akawauliza huyo aliyekuunganisha mlikuwa mnaonana mara ngapi. Waliosema mara kwa mara ni asilimia 16.7 tu, mara moja moja asilimia 55.6, na waliobaki 27.8 walikuwa wanaonana kwa nadra sana. Maelezo yake ni kwamba watu wako wa karibu wanajua unachojua wewe, wale wa mbali ndo wanatoka kwenye dunia nyingine. Kwa Mzee wa Viatu naongeza kitu kimoja ambacho kwa mtu aliyefilisika naona ni kikubwa kuliko hiyo habari mpya: wa mbali hawajui aibu yako. Fundi hakumletea wazo tu, alimletea sehemu moja hapa Dar ambayo jina lake lilikuwa bado safi.

Wazo bila hela ni hadithi. Hela ilitoka kwa mkewe. Huyu mama miaka yote alikuwa na mchezo wake wa kupeana hela kwa zamu na wenzie wa mtaani, watu 12, kila mtu 50,000 kwa wiki, na katika ile misukosuko yote hakuwahi kuruka hata wiki moja, nyingine alitoa kwa kuuza sahani za kabatini. Mumewe alikuwa kafa kibiashara, yeye jina lake lilikuwa linadunda. Kwenye duru ile alikuwa namba tisa, akamwomba mama muuza vitumbua aliyekuwa namba mbili wabadilishane, yule akakubali bila kuuliza ya nini. Laki sita mkononi. Sisi wanaume wa kikoba tulikuwa tunaongelea ile kaya kama imekwisha na tulikuwa hatujui kuna mlango wa uani.

Laki sita ilinunua jozi 54 kwa bei ya jumla 11,000, kwa hela taslimu, kwenye duka ambalo hawamjui. Hazikutosha kwa msimu. Akaenda kwa kijana mmoja aliyekuwa winga wake zamani, sasa ana meza yake, alikuwa anamnunulia chipsi mchana enzi zile na mwisho wa siku anamlipa cha juu chake bila kumzungusha. Kijana hakuwa na hela ila alikuwa na jina, akaingia duka la jumla akatoka na katoni mbili za mali kauli, jozi 48, kwa jina lake yeye kijana. Alimwambia, "Kaka mi nakupa, ila ukinizingua mi pia nimekwisha." Tuwe wakweli, hapa ndo mdhamini wa saluni anarudi upya kwa sura nyingine, tofauti ni kwamba safari hii jamaa alishajua ladha yake. Anasema zile katoni mbili zilimnyima usingizi kuliko zile 60.

Fundi alishona zote, 700 jozi, na akaanza kuwaambia wale mama zake. Jamaa akauza kutoka kwenye bajaji, Buguruni, Vingunguti mpaka Gongo la Mboto, jozi 17,000, anamkunjia mzazi kiatu mbele ya macho yake, anamwambia vuta soli hiyo mama, vuta kwa nguvu. Ule mkono wa kwenye video ya Tunduma sasa ndo tangazo lake. Shule zinafunguliwa Januari 2024 alikuwa amebaki na jozi tano, zote namba 41. Katoni za kijana alizilipa siku nne kabla ya ahadi.

Faida ilikuwa kama laki tano. Mimi ningeirudisha yote kwenye mzigo. Yeye alichomoa laki moja, akavaa shati lake la kola, akaenda kwa yule wa jumla anayemdai 3,100,000, saa tano asubuhi, duka limejaa wateja. Hakupiga simu kwanza. Akasema shikamoo, nimekuja kupunguza, akaweka laki mezani. Mzee wa watu akaihesabu mara mbili, polepole, hakusema ahsante wala hakutukana, akatoa daftari akaandika, akamgeukia mteja mwingine. Ndo hivo tu. Akarudi mwezi uliofuata na elfu themanini. Mara ya tatu akafika jioni sana, duka linafungwa, mzee akamwambia kaa unywe kahawa. Hapo ndo mimi nilisikia, maana kahawa ile ilionwa na watu, na kesho yake saa nne Kariakoo nzima ya viatu inajua jamaa yupo na analipa. Njia ile ile tena. Laki moja kwa deni la milioni tatu na laki moja ni kitu kidogo mno, lakini kilichokuwa kinaua lile jina sio ukubwa wa deni, ni ule ukimya.

Sio kila kitu kimerudi. Mama wa saluni amelipwa 700,000 hadi sasa kwa vipande vipande, anapokea, anajibu meseji kwa neno moja, "imefika". Yule mtoto alichelewa kuripoti shule kwa muhula na hilo hakuna rejesho linalolirudisha. Kuna siku jamaa alimpelekea viatu vya mdogo wake yule mtoto, vimeshonwa vizuri, mama akauliza bei, akalipa 17,000 kamili, hakutaka zawadi. Nilidhani angepokea. Nikamuelewa baadae.

Januari 2025 tulipofungua mzunguko mpya wa kikoba jamaa alikuja kwenye kikao kwa miguu yake kuomba kurudi. Alianza kwa kusema kwamba alijitoa kwenye grupu kwa sababu alishindwa kuangalia simu, hakukimbia, kisha akakaa. Katiba yetu inataka mwanachama anayerudi baada ya kukatwa awe na wadhamini wawili hata kabla hajakopa. Mzee wa vifaa vya ujenzi akasema andikeni tu, kama mara ya kwanza, na soda yake mkononi. Nafasi ya pili ikakaa kimya. Mama wa saluni alikuwa anaangalia simu. Watu wakaangalia dari, wakaangalia viatu vyao, mmoja akaenda kupokea simu ambayo haikuita.

Daftari lilikuwa mapajani mwangu, kalamu ninayo mkononi. Nikasaini. Mke wangu sijamwambia mpaka leo, na najua kuna wenzie wa mchezo watalisoma hili.